Faili Moja la Mwalimu wa Kompyuta

Mungu amenijalia subira. Nimekaa vikao vya kuwapatanisha wenye maduara, mashimo ya dhahabu, waliotaka kufukiana wakiwa hai, nimewasikiliza wanakwaya wakiniahidi kuacha pombe huku wakinukia pombe, na sijawahi kunyanyuka kabla mtu hajamaliza maneno yake. Namshukuru Mungu kwa hilo. Bila subira nisingeweza kuishi ukuta kwa ukuta na mwalimu wa kompyuta miaka yote ile bila kumtamkia neno la kuniharibia sala zangu.

Tulimwita Mwalimu kwa heshima ya kazi aliyokuwa ameshaiacha. Alifundisha katika chuo cha mtu binafsi Kahama, chuo kikafungwa, akaja kupanga chumba hapa Mwakitolyo, jirani na nyumba ya kanisa ninayokaa. Alishuka na mizigo miwili, begi la nguo na boksi la nyaya. Begi alimwachia kijana wa bodaboda alitupe popote. Boksi alilikumbatia kama mtu aliyebeba mgonjwa. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati limefungwa kifungo mpaka shingoni hata siku za jua kali, na vumbi la karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, lililotuchafua sisi wote lilimpita pembeni. Aliongea polepole, kwa sauti ya chini, kama mtu anayewahurumia wanaomsikiliza.

Nitamtendea haki, kwa kuwa na mimi nitaulizwa. Kitu alichokijua alikijua kweli, na alinieleza mara nyingi mpaka nami nikakijua. Watu wengine, alisema, wakitaka programu kwenye kompyuta wanaiweka kwa mkono, leo hii, kesho ile, wanabadilisha rangi hapa, wanabonyeza pale, na baada ya mwaka hakuna anayekumbuka mashine ilifikaje ilipofika. Yeye hakufanya hivyo. Yeye alikuwa na faili moja. Ndani ya faili hilo aliandika kila kitu ambacho kompyuta yake ilipaswa kuwa nacho: programu zote, ukubwa wa herufi, rangi ya kioo, kitufe gani kifanye nini. Kisha alitoa amri moja tu, na mashine ikalisoma faili, ikajitengeneza yenyewe ifanane na maandishi. Ikiibiwa, ikiungua, ikiangukia kisimani, unachukua kompyuta nyingine yoyote, unaipa faili, na baada ya muda unayo ileile ya jana.

"Mzee, wewe ukijenga unamwambia fundi weka tofali hili, kisha hili," aliniambia siku moja kwenye benchi langu. "Mimi sisemi hivyo. Naandika: nyumba ina vyumba vitatu, mlango wa bluu, dirisha linatazama magharibi. Naamuru mara moja. Nyumba inakuwa."

Nikamuuliza ndani ya nyumba hiyo analala nani.

"Hilo si la mfumo," akasema.

Sura ya kwanza ya Mwanzo naijua tangu nikiwa mtoto, na namjua Mmoja tu aliyesema iwe na ikawa. Huyo siku ya saba alipumzika. Mwalimu hakupumzika. Kila asubuhi alikuwa na jambo la kurekebisha katika faili. Herufi zilikuwa nene mno. Kijani kilikuwa kikali kuliko alivyokikusudia. Kitufe cha kufunga dirisha kilikuwa mbali na kidole, akakisogeza, kisha kikawa karibu mno. Akirekebisha hivi alikuita uje uone, nawe unaangalia kioo kilekile cha juzi, unasema vizuri, Mwalimu, na unarudi kumenya viazi vyako.

Mimi ni mtoto wa wakulima wa pamba. Kwetu mtu anayenoa jembe asubuhi anatarajiwa kuwa shambani jua likipanda. Mwalimu alinoa. Sikuwahi kuona alicholima. Sikuona barua aliyoandika kwa kompyuta ile, wala hesabu, wala somo, wala shairi la kumsifu mwanamke. Tulimwomba mara moja atuandikie tangazo la sikukuu ya mavuno. Alilileta likiwa na herufi za kupendeza sana, kila mstari umekaa mahali pake, na sikukuu ilikuwa imepita. Aliona ajabu kwamba hatukufurahi.

Vitu alivyovitaka vilishuka kutoka kwenye mtandao, na mtandao chumbani kwake ulikuwa dhaifu. Kwa hiyo alipanda juu ya lundo la kifusi nyuma ya makarasha, akasimama pale na simu mkono mmoja na kompyuta mkono mwingine, bando likiliwa mpaka likaisha. Wachimbaji walimzoea haraka.

"Mwalimu, umeuona mwamba wa dhahabu?" walimpigia kelele kutoka chini.

"Napakua," aliwajibu, bila kutabasamu.

Mwenye duara mmoja, mtu mzito aliyekuwa mwezi wa tatu bila kuona dhahabu, alimwambia mbele yangu, "Sisi tunachimba ardhini hatupati. Wewe unachimba hewani. Tukutane wapi, baba, tugawane njaa?" Watu wakacheka mpaka karasha likasimamishwa. Mwalimu akateremka, akaja kunieleza kwamba mtu yule hana elimu.

Alikuja kanisani kila Jumapili, hilo siwezi kumnyima. Alikaa nyuma. Siku niliyohubiri juu ya toba alinisubiri mlangoni, uso unang'aa, akasema nilichohubiri ndicho alichonacho. Kila akilibadilisha faili na kutoa amri, mashine haiitupi hali ya zamani, inaihifadhi, nayo huitwa kizazi. Akikosea, anawasha kompyuta, anachagua kizazi cha jana, na kosa linakuwa kana kwamba halikufanyika. "Ndiyo toba, mzee."

Nikamwambia Petro hakuchagua kizazi cha jana. Alitoka nje akalia.

Alinitazama kwa huruma yake ile. Sidhani kama alinisikia.

Nami nashangaa, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, na ubaya ningeuelewa haraka zaidi. Hakusema uongo. Mnunuzi mmoja wa dhahabu alimletea mkataba wa watu wasiojua kusoma, akataka abadilishe neno moja tu, na Mwalimu alimfungulia mlango atoke. Hakutoza mtu hata senti kwa kumtengenezea kompyuta. Nilitamani angetoza. Mtu akikulipa anakuuliza umefanya nini. Akitengenezewa bure ananyamaza na kushukuru, na kwa njia hiyo Mwalimu aliingia kila mahali bila kuulizwa.

Ndivyo alivyoingia kwa Mama Kulwa.

Mama Kulwa ni mjane mwenye steshenari pale njia panda. Anachapa mikataba ya wenye maduara, barua za kuomba kazi, kadi za harusi. Kompyuta yake mpakato ilikuwa inaugua kila mwezi kwa sababu ya flashi za wateja, zilizojaa virusi kama kuku wa mnadani alivyojaa chawa. Mwalimu akamwambia ataiponya moja kwa moja. Aliufuta mfumo wa zamani, akaweka wake, akamwandikia faili lake. Na kwa kuwa aliona kuponya hakutoshi, akaongeza kitu ambacho, kwa maneno yake, hata Dar es Salaam ni wachache wanaokithubutu. Kila kompyuta ile ikizimwa na kuwashwa, ilijifuta kila kitu ambacho hakikuandikwa katika faili, ikaanza siku ikiwa safi kama alivyoieleza. Virusi vingepata wapi pa kukaa? Aliacha folda moja tu isiguswe, akamwambia Mama Kulwa vitu vyake aviweke humo. Alimwambia mara moja, huku akitazama kioo, hakumtazama mwanamke.

Mama Kulwa aliendelea kuweka vitu vyake pale alipozoea, juu ya uso wa kioo, anapoviona. Na hapa kwetu hakuna anayezima kompyuta. Unafunika, unaondoka, kesho unafunua. Kwa hiyo wiki zikapita na hakuna kilichopotea.

Wiki hizo ndizo alizokuja Bibi Mwimbishaji.

Asiyewahi kuzika kwetu hawezi kujua mama huyu alikuwa nani. Katika mazishi ya usharika wetu, tangu enzi za wamisionari, jeneza likishateremshwa mwimbishaji anatoa ubeti kwa Kisukuma, watu wanaitikia, na udongo unaingia wakati wa kuitikia tu. Ubeti ukiimbwa, makoleo yanasimama. Beti ndizo zinazomsindikiza mtu. Viitikio tunavijua sote, watoto wanavijua. Beti alizijua yeye peke yake, amezipokea kwa mama yake, nyingine amezitunga mwenyewe, na hakuna aliyepata kumsikia akirudia ubeti wa mzee kwenye kaburi la kijana. Mimi nimesimama kando yake makaburini tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na nilichokishika ni kidogo.

Macho yalikuwa yamemwishia na kifua kilikuwa kinambana. Nilimsihi tuzirekodi kwa simu. Akakataa. Wimbo wa kaburini hauimbwi pasipo maiti, unaita mauti. Mimi ni mtu wa Injili na siogopi wimbo, lakini sikubishana naye. Tulikubaliana atasema maneno bila sauti ya kuimba, Mama Kulwa achape, na nakala zigawiwe wanakwaya. Alikuja steshenari kila alipopata nguvu, ameshikwa mkono na mjukuu, akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Mayu, umeandika?" Bibi alimuuliza Mama Kulwa, akimwita mama kwa Kisukuma, kila mwisho wa mstari.

"Nimeandika, bibi."

"Nisomee."

Naye alisomewa, akatikisa kichwa, akasahihisha neno, akaendelea. Wateja walisimama mlangoni wakisubiri kopi zao bila kulalamika, hata wachimbaji. Siku alipomaliza wimbo wa mwisho alisema wabeja, asante ya Kisukuma, akaomba maji ya kunywa, akasema sasa mzigo umetua. Nilimshukuru Mungu pale pale, nimesimama katikati ya karatasi.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu alipita steshenari na bando jipya. Alikuwa amepata namna bora ya kupanga herufi. Aliipa kompyuta ya Mama Kulwa kizazi kipya, akaizima, akaiwasha, akaona kila kitu kimekaa kama kilivyoandikwa, akaaga. Mama Kulwa alikuwa sokoni. Binti wa dukani hakuona kibaya, kioo kilikuwa kinapendeza.

Bibi akafariki katikati ya wiki iliyofuata. Asubuhi ya mazishi nilikwenda kwa Mama Kulwa, nikamwambia achape nakala za kutosha, aliyetuimbisha wote ataimbiwa nyimbo zake zote. Alifunua kompyuta. Akatafuta. Akatafuta tena, akiwa amesimama. Tukamwita Mwalimu.

Alikuja na shati lake la kifungo shingoni. Alikaa, akaandika amri zake, akasoma, na nasema kweli mbele za Mungu, uso wake ulituliza moyo wangu kwa muda, kwa sababu ulikuwa uso wa mtu aliyeridhika.

"Mashine haina tatizo," akasema. "Iko vilevile kama nilivyoiandika."

"Nyimbo ziko wapi?" akauliza Mama Kulwa.

Akaeleza. Alieleza vizuri, kwa utaratibu, folda ile na folda hii, kilichoandikwa na kisichoandikwa.

"Si ulisema inarudi jana? Irudishe jana, Mwalimu," nikamwambia.

Akairudisha. Akazima, akawasha, akachagua kizazi cha nyuma, na tukaona rangi za wiki iliyopita zikirudi, na herufi za wiki iliyopita, kila kitu cha wiki iliyopita isipokuwa tulichokuwa tunakitafuta. Vizazi, akatueleza, vinashika mfumo. Havishiki vitu vya watu. Kompyuta haikukosea mahali popote.

"Kwa hiyo aliyekosea ni marehemu," Mama Kulwa akamwambia.

Mwalimu alifunika kompyuta taratibu, akaomba ruhusa, akaondoka.

Tulimzika Bibi mchana ule. Niliimba beti nilizozishika, nazo zikaisha mapema. Baada ya hapo hapakuwa na wa kusimamisha makoleo. Watu waliitikia, wakaitikia tena, wakaitikia kitu ambacho hakuna aliyekiimba, na udongo ukajaa kabla waimbaji hawajajua wanyamaze wapi. Nimezika watu wengi. Sijaona kaburi lililofungwa haraka vile.

Mwalimu hakuwepo. Siku chache baadaye alikuja kwenye benchi langu, na nilifikiri amekuja kulia. Alikuwa na furaha. Wakati sisi tuko makaburini yeye alikuwa chumbani, ameongeza mstari katika faili la Mama Kulwa, na sasa hata vitu vinavyowekwa juu ya uso wa kioo vitahifadhiwa. "Haiwezi kutokea tena, mzee," akasema, akasubiri nimpongeze.

Nilimpa kikombe cha uji. Sikuwa na kitu kingine ambacho ningeweza kumpa bila kutenda dhambi.

Baada ya hapo alihamia Geita, kwenye ofisi fulani iliyohitaji mtu wa kompyuta. Mama Kulwa alirudishiwa mfumo wa zamani na kijana wa Kahama, pamoja na virusi vyake, akasema virusi angalau vinajulikana. Makaburini tumejizoeza vitabu vya tenzi vya Kiswahili. Vijana wengine huja na spika. Wazee husimama kimya, na udongo unaingia tu mfululizo.

Mwaka huu, kabla ya mvua, nilikuwa nafagia mlango wa kanisa nikasikia shikamoo nyuma yangu. Nikaitikia marahaba kabla sijageuka. Alikuwa Mwalimu, amezeeka kuliko miaka iliyokuwa imepita, mvi kichwa kizima, kifungo cha shingoni kiko wazi. Begani alikuwa na mfuko wa kompyuta.

Mama yake amefariki Ushetu, akasema, nyumbani kwa dada yake Mwalimu, kwenye mashamba ya tumbaku. Wanazika kesho. Sikuwa najua kwamba mama huyo alikulia katika usharika wetu, akaolewa akatoka. Nilimpa pole kwa moyo wote, kwa kuwa mama ni mama. Tukaingia ndani, akakaa benchi la mbele, jambo ambalo halijapata kutokea. Alisema mama kabla ya kukata kauli aliomba asizikwe na spika. Aliomba wimbo wetu wa kaburini, ule wa yule aliyetangulia kisimani.

Kisha akafungua kompyuta, akanionyesha. Palikuwa na folda yenye jina la Bibi Mwimbishaji. Alikuwa ameiandika katika faili lake wiki ile ya msiba, akaniambia, na tangu hapo amebadilisha kompyuta mara nyingi, na kila mpya ikisoma faili folda ile inatengenezwa yenyewe, inahifadhiwa sehemu tatu tofauti, hata Geita yote ikiungua haipotei.

"Kuna nini humo?" nikamuuliza.

"Hamna kitu, mzee."

Alisema hivyo akitazama kioo. Halafu, nafikiri kwa mara ya kwanza tangu tujuane, aliacha kutazama kioo, akanitazama mimi. Akaniuliza nina beti ngapi za wimbo ule.

Nikamwambia ninazo tatu. Bibi alikuwa nazo nyingi kuliko urefu wa kaburi.

Basi nizitaje, akasema, yeye aandike, dada yake atazisoma kesho. Nikafunga mlango wa kanisa. Maiti ilikuwepo, ingawa Ushetu, na kwa hiyo sikutaja, niliimba. Umetangulia kisimani, tutakukuta umeshachota, ndivyo ubeti unavyoanza kwa Kisukuma. Aliandika kwa vidole viwili. Mtu aliyekuwa na amri kwa kila kitufe cha kibodi alikuwa anatafuta herufi moja moja kama mzee wa kisomo cha jioni, na macho yake yalikuwa yamejaa maji, hayaoni vizuri.

Ubeti wa kwanza ulipoingia wote alisimama. Herufi za Kisukuma hazijakaa sawa kwenye mwandiko huu, akasema, atabadilisha mwandiko kwanza, ni mstari mmoja tu katika faili, haichukui muda. Mkono ulikuwa umeshaanza kulifungua. Niliufunika kwa wangu.

"Acha," nikamwambia. "Mama yako hajazikwa. Andika."

Akavirudisha vidole vyake viwili mahali vilipokuwa. Nami nikaimba ubeti wa pili, neno moja, nikangoja, neno jingine, nikangoja, kama anavyoimbiwa mtoto ambaye bado hajaanza kusema.